Hakuna anayelala njiani: kisa cha familia sita za Mji Mkongwe

Naandika hichi kisa kwasababu watu wengi wananiuliza mlifanyaje fanyaje mpaka wale watu walioporomokewa na nyumba wakapata vyumba, na wengine wanakihadithia kama vile wakubwa waliamka tu siku moja wakaona huruma. Haikuwa hivyo. Nitakieleza nilivyokiona, pamoja na pale tulipoharibu wenyewe, na majina ya watu na ofisi sitayataja maana mji ni mmoja huu huu na bado tunakutana msikitini.

Nyumba yenyewe iko Mji Mkongwe, Zanzibar, ghorofa mbili, kwenye kichochoro ambacho vespa inapita kwa kuomba radhi. Ni nyumba ya mirathi. Mtu wa mjini ukimwambia nyumba ya mirathi hakuulizi tena. Aliyejenga kafa zamani, watoto wake wakafa hawajagawana, wajukuu wako Muscat, Dubai, Dar, na mmoja yuko Wete, na wanaojua faraidh, hesabu za mirathi ya Kiislamu, wanaiita munasakhat, mirathi juu ya mirathi, mafungu yamekatwa yakakatwa tena mpaka kuna mtu haki yake ndani ya nyumba nzima haizidi vidato vitatu vya ngazi. Sasa mtu wa vidato vitatu atoe milioni ngapi kutengeneza paa? Hatoi. Na yule mjukuu aliyekuwa anakusanya kodi nae akachoka, akaacha, kwahiyo wapangaji familia sita wakawa wanakaa kwenye nyumba isiyo na wa kumlipa wala wa kumshtakia.

Tulipomleta fundi mmoja mkongwe baadae ndo tukajua iliangukaje. Nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, sakafu za juu zimelala kwenye boriti za mikoko. Bati likitoboka maji hayakudondokei kichwani ukayaona, yanashuka ndani ya ukuta yanakaa pale pale kichwa cha boriti kilipoingia, inaoza kwa ndani na kwa nje unaiona nzima. Halafu miaka ya nyuma wapangaji walichanga wakapiga plasta ya saruji, masikini ya Mungu wakijua wanatengeneza, kumbe saruji inauziba ukuta wa chokaa haupumui, maji yakabaki ndani. Fundi alibonyeza kwa kidole gumba tu, chokaa ikamwagika kama unga wa sembe, akajifuta kwenye kanzu akasema "hii ilikuwa imeshakufa, mlikuwa mnakaa na maiti".

Ilikuwa masika, usiku wa kuamkia Alkhamis, kama saa tisa. Bi mkubwa wa chumba cha nyuma alikuwa ameamka kusali akasikia boriti inalia, anasema inalia kabisa kama mtu anavuta kitanda, akatoka anagonga milango na bakora yake. Watu wote wakatoka. Dakika kumi mbele sakafu ya upande wa nyuma ikashuka na kabati na vitanda na vyombo vya ndoa vya mtu. Hakufa mtu, alhamdulillah. Na kila mmoja pale kichochoroni alikuwa na Beit al-Ajaib kichwani, lile jumba la kale la Forodhani, maana sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020 iliposhuka ile mbele ya macho ya watu na wawili wakapoteza maisha, na ile ni nyumba ya serikali ilikuwa kwenye matengenezo, sembuse hii ya wajukuu wa Muscat.

Usiku ule na siku za mbele walilala chuoni, chuo cha Kurani cha mtaani, watoto wakahamishiwa barazani kusoma. Wakaja watu wenye vizibao wakapiga utepe, wakaandika X nyekundu mlangoni, hakuna kuingia. Sawa, hiyo lazima. Ila hakuna hata mmoja aliyesema muende wapi.

Sasa hapa ndo tulipofanya kosa letu la kwanza, na mimi nilikuwa mbele kabisa. Tukafungua grupu la WhatsApp, tukakusanya mchango, laki nane na kitu ndani ya siku nne, tukanunua magodoro, mchele, mafuta, ndoo. Kijana mmoja akarekodi video ya mama mwenye watoto wanne anaeleza huku analia, kwenye turubali, ikazunguka mpaka kwa watu wa London. Kuna aliyeniambia wallahi hii itawafanya viongozi waone haya. Walioona haya walikuwa wengine. Binti yake yule mama yuko darasa la sita, wiki ile ile skuli wakaanza kumwita "wa turubali", siku ya tatu mtoto hataki kwenda. Mama akatoka kwenye grupu usiku bila kusema neno, na mkewe jirani akatuletea godoro limekunjwa, kasema mwenyewe anashukuru lakini halihitaji. Alilihitaji. Alikuwa analala kwenye mkeka. Kwetu nyumba ni sitara kwanza, paa baadae, na sisi tulimvua sitara ili tumtafutie paa.

Baada ya siku kumi chuoni wakaondoka, mmoja mmoja, kila mtu kwa ndugu yake. Na hapo suala likafa. Yani kwa macho halipo, chuo kiko wazi, watoto wanasoma alif be te, kichochoro kimefagiliwa. Tulipokwenda kwenye ofisi moja, sisi watatu, kuuliza hawa watu wanafikiriwa nini, yule bwana mkubwa alitupokea vizuri tu, akatutilia maji ya kunywa, akasema "wanangu, Zanzibar hakuna mtu anayelala njiani". Tukatoka hatuna jibu. Na kinachoudhi ni kwamba kwa kiasi kikubwa anasema kweli. Zunguka saa sita za usiku Darajani mpaka Forodhani utawakuta wachache, vijana, wagonjwa wa madawa, lakini familia nzima chini ya kibaraza huioni, kwasababu udugu unawameza. Ami anampokea mtoto wa kakaake, dada anampokea mdogo wake, hata kama chumba ni kimoja.

Nimelifikiria sana hili. Sensa ya 2022 iliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Kwa kuhesabu watu ni swali zuri, hesabu ikatoka Zanzibar tuko 1,889,773, na Mjini Magharibi peke yake 893,169, karibu nusu ya nchi kwenye kimkoa kile, na ukilinganisha na 1,303,569 wa mwaka 2012 unaona karibu laki sita wameongezeka ndani ya miaka kumi, na vyumba havikuongezeka hivyo. Lakini kwa jambo letu swali lile linaficha. Mama na watoto wanne waliolala ukumbini kwa dada yake Jang'ombe wanaandikwa ni watu wa nyumba ile, imekwisha. Hakuna safu ya kuandika kwamba hawa watano alfajiri wanakunja godoro wanalificha nyuma ya kabati ili shemeji akitoka chumbani apate pa kupita.

Aliyetutoa kwenye shimo ni maalim mmoja wa skuli, mwanamke, mstaafu, hapendi maneno mengi. Alikuja barazani na kauntabuku ya kwaya mbili, keshaipiga mistari kwa rula. Safu zake: jina, alikuwa chumba gani, sasa analala wapi, analala na nani, tangu lini, kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi anacho au kimefukiwa, watoto wanasoma wapi. Akasema "nyinyi mnaomba serikali iwasaidie watu, watu gani? Niorodheshee". Hatukuweza. Sisi wa grupu, wenye laki nane, tulikuwa hatujui watu ishirini na saba wamelala wapi jana.

Ikachukua wiki mbili kuwatafuta, na yale tuliyoyakuta ndo yalinibadilisha mimi kabisa. Watu ishirini na saba walikuwa wametawanyika sehemu tisa. Mke na mume wamelala mbalimbali miezi miwili, yeye mume kwa kaka yake Bububu, mke na kichanga kwa mamake Fuoni, wanakutana Darajani kwenye kituo cha daladala kama wachumba, mume anampa hela ya maziwa na wanaagana. Mzee mmoja analala kwenye ukumbi wa nje wa msikiti mpaka imamu afunge, halafu anahamia baraza ya jirani. Kijana wa miaka kumi na tisa analala kwenye boti kule Malindi, kasema hana neno ila mvua ikinyesha na maji yakijaa basi hakuna kulala. Yule mama wa video tulimkuta, akakubali kuandikwa kwa sharti moja, hakuna simu, maalim peke yake na kalamu. Na alikuwepo fundi cherehani, mseja, alikuwa na kichumba cha chini karibu na mlango mkubwa, sasa analala sakafuni kwenye duka lake katikati ya vitambaa. Huyu alikataa katakata. "Mie muniandike nini, mie nina duka." Maalim akafunga kauntabuku, akamwambia haya baba, na tukaondoka. Kwahiyo kwenye ile ishirini na saba yeye hayumo.

Halafu ikaja mikutano na kila mtu na lake. Mzee mmoja wa baraza la kahawa alitaka tudai fleti kwa wote, na ana hoja, yeye aliyaona majumba ya Kikwajuni na Kilimani yakijengwa miaka ya 1960 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, halafu treni za Michenzani, yale majengo marefu ya fleti, na watu waliovunjiwa vibanda vyao Ng'ambo wakapewa funguo. Kijana anayesoma sheria Tunguu akasema hata Ufini tangu 2008 wanafuata utaratibu huo, asiye na nyumba anapewa nyumba kwanza, mambo mengine ya ulevi na kazi yanafuata akiwa ndani. Mzee akamkata, "Ufini wametuiga sie". Watu wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Vijana wengine wakataka maandamano. Na nyuma ya yote kuna lile swali la kwetu ambalo halisemwi kwa sauti, hii harakati ya chama gani? Maana hapa ukikusanya watu kumi na karatasi, wa kijani wanasema hao zambarau, na wa zambarau wanasema hao wametumwa. Tuliligundua pale watu wawili walipoacha kuja. Dawa yake ilikuwa ya kienyeji tu, barua ikapelekwa na watu wawili kila safari, mmoja anayejulikana upande huu na mmoja anayejulikana upande ule, na kofia na kanga za vyama zibaki nyumbani. Safari zote. Hata siku mmoja alipokuwa na homa hatukwenda, tulingoja apone.

Barua ilikuwa ukurasa mmoja. Maalim alikata rasimu ya yule kijana wa sheria kutoka kurasa tano, akamwachia mstari mmoja tu, kwamba Tanzania imejiunga na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni tangu 1976 na ibara ya 11 inamtambulia kila mtu haki ya makaazi ya kutosha. Mengine yote yalikuwa maswali ya kujibika. Mtu akitolewa kwenye nyumba kwa sababu ya hatari, nani anawajibika kumwonyesha pa kwenda usiku ule, tunaomba kwa maandishi. Kati ya hawa ishirini na saba, majina yameambatanishwa, nani anaweza kupewa sehemu ya muda na kwa muda gani. Na lile faili la mirathi lililolala mahakamani linaweza kufufuliwa ili nyumba ipate mwenyewe, maana bila mwenyewe hata kibali cha kuitengeneza hakuna wa kukiomba, na Mji Mkongwe huwezi kugusa ukuta bila kibali, mji uko kwenye urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Ikapita kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, akagonga mhuri, nakala kwa mwakilishi wa jimbo, nakala masjala.

Masjala. Hapa naomba mtu asome polepole. Ukipeleka barua serikalini usiondoke na asante, ondoka na nakala yako imegongwa mhuri wa kupokelewa na tarehe, na namba ya kumbukumbu. Mara ya pili tulipokwenda barua "haionekani". Mara ya tatu "bosi kasafiri Pemba". Mara ya nne kijana wa masjala akatwambia kwa upole kabisa labda hatukuileta, na maalim akafungua mkoba, akatoa nakala kwenye mfuko wa nailoni, mhuri wa buluu ule pale, tarehe ile pale, sahihi ya yule yule kijana ile pale. Akaiangalia sahihi yake mwenyewe muda mrefu. Faili likapatikana baada ya chai.

Tukaingia tena kwa yule bwana mkubwa. Safari hii hatukusema kitu, maalim akamwekea kauntabuku mezani. Akawa anasoma kwa kufuata kidole, ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika kwenye mstari wa boti kidole kikasimama. "Huyu wa Malindi mtoto wa nani?" Akatajiwa. Akavua miwani. Alikuwa amesoma na babake skuli moja. Toka hapo mambo yakaenda kwa mwendo mwengine, simu ikapigwa mbele yetu, mtu akaitwa kutoka chumba cha pili.

Nakiri sikuifurahia sana ile. Ndio tulipata, lakini tulipata kwasababu mji ni mdogo na mtu alijulikana. Yule aliyekuja juzi kutoka Kigoma au Mtwara kubeba mizigo bandarini, babake hakusoma na mtu hapa, mstari wake ungepita chini ya kidole bila kusimama. Ndo maana lile swali la kwanza la barua, nani anawajibika usiku ule, lilikuwa muhimu kuliko vyumba, na ndo swali pekee ambalo mpaka leo halina jibu la maandishi. Tumejibiwa kwa mdomo mara mbili, na majibu mawili hayafanani.

Matokeo yenyewe. Familia tatu zilipewa vyumba kwenye jengo la serikali, mkataba wa mwaka mmoja, kodi ndogo, mama wa video yumo, na mke na mume wa Darajani wamo, yule mume alinunua pazia kabla hajanunua kitanda. Kijana wa boti kapata chumba kimoja na mjomba wake, hilo tunalihesabu ni familia ya nne. Familia ya tano walionyeshwa kiwanja, nje ya mji, mashamba huko. Nilikwenda kukiona. Udongo mwekundu, mnazi mmoja, vigingi vinne. Maji mbali, gari ya abiria inabidi utembee nusu saa. Yule baba anauza samaki wa kukaanga Darajani jioni, akimaliza saa nne za usiku anarudije? Hapo kijana wa sheria alipata siku yake, akatoa yale Maoni ya Jumla namba 4 ya mwaka 1991 ya kamati ya ule mkataba, yanasema makaazi ya kutosha si paa tu, ni pamoja na mahali penyewe, mtu aweze kufika kazini, na gharama, na uhakika wa kutofukuzwa. Kiwanja hakina hata paa. Baba kakichukua, sijui ningefanya nini ningekuwa yeye, lakini bado analala Shaurimoyo kwa shemeji na kwenye kauntabuku maalim hakumfuta.

Wa sita ni yule bi mkubwa wa bakora, aliyewaamsha wote. Kavuka sabini, anapokea pensheni jamii, ile iliyoanza Aprili 2016 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Akaambiwa kuna nafasi kwenye nyumba za wazee, Sebleni au Welezo. Wengi tulifurahi, tukaenda kumpa habari kwa mjukuu wake anakolala, mlango kwa mlango na choo. Alitusikiliza mpaka mwisho, akatukaribisha chai, halafu akasema "kule ni kwa asiye na mtu. Mie nina watu, sina chumba." Tukanyamaza. Kijana mmoja akaanza kumwelezea kwamba kule kuna chakula na matibabu na wenzake wa kuzungumza nao, akamwambia "mwanangu, nimekwisha kukusikia". Baadae tulitaka kuandika kwenye ripoti yetu kwamba "amekataa msaada", na nashukuru maalim alilikata lile neno, akaandika: anaomba chumba kimoja cha chini, kisicho na ngazi, karibu na mjukuu. Bado tunakitafuta. Faili la mirathi nalo limefufuka kidogo, kadhi kataka hati za wakala kutoka kwa warithi wa Muscat, mbili zimekuja, tatu bado.

Jengine la kusema ni kuhusu hela. Ile laki nane yote ilikwisha kwenye wiki mbili za kwanza na haikumpa mtu chumba. Kazi iliyowapa vyumba iligharimu kauntabuku, fotokopi, nauli za daladala, na mfuko wa nailoni. Sisemi watu wasichange, mtu kalala njaa mpe chakula, lakini sisi mchango ulitudanganya tukajiona tumeshafanya, na grupu likapoa siku ile ile magodoro yalipogawiwa.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa maalim, usiku baada ya isha, tunahesabu nani mkataba wake unakaribia kwisha. Mlango ukabishwa hodi. Fundi cherehani. Kakaa kwenye kiti cha ukingoni, kauliza hali, kauliza wajukuu, kasifia feni, robo saa nzima anazunguka. Halafu akasema, bila kutuangalia, mwenye duka kapandisha kodi na hataki tena mtu kulala ndani. Akanyamaza. Maalim akaenda ndani kutafuta miwani yake, na huku nyuma fundi akaniuliza kwa sauti ya chini, "kile kidaftari, bado mnacho?"